Urithi wa Verckys na santuri zetu

Tarehe 13 Oktoba, 2022, alifariki dunia mjini Kinshasa Georges Kiamuangana Mateta, mpuliza saksafoni aliyejulikana na wapenzi wa dansi kwa jina la Verckys. Alikuwa na umri wa miaka 78. Jina hilo lilizaliwa kwa kusikia vibaya: kijana huyo alimhusudu Mmarekani King Curtis, na "Curtis" ikageuka sikioni ikawa "Verckys".

Wengi humkumbuka kwa saksafoni yake katika OK Jazz ya Franco, aliyoingia mwaka 1963 na kuiacha mwaka 1969 ili aunde bendi yake ya Vévé. Sisi tunaona kuwa kazi yake kubwa zaidi aliifanya nje ya jukwaa. Alianzisha kampuni yake ya santuri, akawatolea nyimbo vijana wa Bella Bella, Lipua Lipua na Kiam, kisha akajenga Vévé Centre, jengo la starehe lenye ukumbi wa dansi. (Wanaosema mwanamuziki hajui hesabu hawakupata kumjua mtu huyu.)

Hata hivyo, mwaka 2014 mkusanyiko wa nyimbo zake za 1969 hadi 1978 ulitolewa na kampuni ya Ujerumani, Analog Africa. Hatuilaumu kampuni hiyo, tunaishukuru. Mwaka 2021 UNESCO nayo iliitambua rumba ya Kongo kuwa urithi wa binadamu. Lakini cheti hakizuii kanda kuota ukungu.

Jambo hili linatuhusu Visiwani. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili. Santuri za namna ile huvunjika zikianguka mara moja tu, na kanda za taarabu zilizorekodiwa baadaye haziupendi unyevu wa bahari yetu.

Tunaiomba wizara inayohusika na utamaduni ifungue daftari moja: jina la wimbo, mtunzi, waimbaji na wapigaji, mwaka, na warithi wanaostahili malipo. Kila kanda itolewe nakala mbili, moja ikae Unguja na nyingine Pemba. Nanyi ndugu wananchi, aliyerithi kasha la santuri za babu yake asimuuzie mgeni kabla ya nakala kuchukuliwa. Na afisa atakayepelekewa kasha hilo asimwambie mwenye nalo arudi kesho.