Utabiri wa Hali ya Hewa na Usalama wa Nyuki Mitufaha Inapochanua

Methali humshauri mtu afuate nyuki ili ale asali. Kwa mkulima wa matufaha, asali si hoja. Anachomhitajia nyuki ni chavua. Aina nyingi za mtufaha hazitungi matunda vyema kwa chavua ya aina ile ile. Sharti chavua itoke katika mti wa aina nyingine, na mbebaji wake mkuu ni nyuki. Makala haya yanafafanua jinsi wakulima wa Marekani, hususan katika majimbo ya Washington na New York, wanavyotumia vipimo vya hali ya hewa kuusimamia msimu mfupi wa maua bila ya kumwangamiza mdudu wanayemtegemea.

Ni vyema kwanza istilahi iwekwe wazi. Tunda linalozungumziwa hapa ni tufaha. Katika sehemu za pwani, tofaa ni jina la tunda jingine kabisa, japo waandishi wengi huyatumia maneno haya mawili kana kwamba ni kitu kimoja.

Mtufaha huchanua kwa mashada. Kila shada huwa na maua yapatayo matano au sita, na lile la katikati ndilo hutangulia kufunguka. Wakulima huliita ua la mfalme, kwa kuwa aghalabu ndilo huzaa tunda kubwa zaidi. Maua yote yakizaa, mti hulemewa na vitunda visivyo na soko, na mwaka unaofuata huenda usizae karibu chochote. Kwa hiyo mkulima hutaka ua la mfalme lichavushwe, kisha yale yaliyochelewa yazuiwe kwa kunyunyiziwa, mathalan, mchanganyiko wa chokaa na salfa. Lakini anyunyize lini? Akiwahi, huyaunguza hata maua anayoyataka. Akichelewa, yote huwa yameshatunga.

Jibu hutafutwa katika modeli ya ukuaji wa mrija wa chavua, iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia Tech, akiwemo Keith Yoder. Chavua ikitua kwenye ncha ya sehemu ya kike ya ua, huotesha mrija mwembamba unaoteremka ndani ya shingo ya ua hadi kukifikia kijiyai. Mwendo wa mrija huo hutegemea joto: siku za baridi hujikokota, siku za joto huenda mbio. Mkulima hupima shingo za maua kadhaa na kupata wastani wa urefu wake, huamua ni saa ipi maua ya kutosha yamefunguka, kisha programu hujumlisha ukuaji wa kila saa kwa kutumia joto lililorekodiwa na kituo kilicho karibu na shamba, pamoja na utabiri wa siku zijazo. Mrija ukikadiriwa kuwa umefika mwisho wa shingo, wakati umewadia. Huko New York huduma hii hupatikana kupitia mtandao wa NEWA wa Chuo Kikuu cha Cornell. Huko Washington, kupitia AgWeatherNet. Wazo la kujumlisha joto ili kukadiria ukuaji wa mimea si geni, maana Réaumur wa Ufaransa alilipendekeza mwaka wa 1735.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina dhana iliyojificha ndani yake: kwamba nyuki ameshafika. Nyuki wa asali haruki kwa wingi joto likiwa chini ya takriban nyuzi 13 za selsiasi, wala wakati wa mvua au upepo mkali. Ua likifunguka asubuhi ya baridi na manyunyu, programu huhesabu saa za mrija ambao haujaanza kuota. Mkulima asiyetoka shambani kuwatazama nyuki huweza kudanganywa na tarakimu zilizo sahihi.

Takwimu hizo hizo za hali ya hewa humlinda nyuki pia. Kwa kawaida dawa za kuua wadudu hazinyunyizwi maua yakiwa wazi, na hata dawa nyinginezo hunyunyizwa jioni, nyuki wakiwa wamerejea mizingani. Ila jioni peke yake haitoshi. Baridi na umande huifanya sumu idumu zaidi juu ya mmea, hivi kwamba dawa ambayo ingekuwa imefifia kufikia alfajiri huweza kumdhuru nyuki wa asubuhi. Ndiyo sababu mkulima mwangalifu huangalia kwanza utabiri wa umande.

Hatari kubwa zaidi huja petali zinapopukutika, kwani ndipo dawa za wadudu huanza tena kutumiwa. Wakati huo mizinga iliyokodiwa huwa imekwisha kuhamishwa. Nyuki wa mwituni hawana wa kuwahamisha, nao huendelea kuyazuru magugu yanayochanua chini ya miti. Kwa ajili yao, nyasi hufyekwa siku moja au mbili kabla ya dawa kupigwa.