Pampu mpya haiponyi rejeta iliyoziba: Mwongozo kwa wenye magari Kisii na Nyamira

KWA dereva anayetoka Ahero kuelekea mjini Kisii kupitia Sondu na Oyugis, sehemu kubwa ya safari ni ya kupanda. Gari huondoka katika nyanda za Kano, zilizo chini ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kufika katika mji ulio kwenye kimo cha takriban mita 1,700. Akiendelea hadi Keroka au Nyamira, milima haipungui. Baadhi ya sehemu za Kaunti ya Nyamira hupita mita 2,000.

Si ajabu basi kuona Probox au matatu imeegeshwa kando ya barabara katika milima hiyo, boneti ikiwa wazi na mvuke ukifuka, huku abiria wakinung'unika na utingo akiteremka mtoni na mtungi.

Uamuzi unaofuata hufanywa gerejini kwa pupa. Fundi husema pampu ya maji imekwisha, inunuliwe nyingine, tena yenye nguvu zaidi. Mwenye gari hutoa pesa, pampu hufungwa, na baada ya siku chache injini huchemka tena. Safari hii kichwa cha injini hupinda na gasketi huungua. Kwa mtu ambaye bado analipa mkopo wa gari hilo, hasara hiyo yaweza kufunga biashara.

Ndiposa ni muhimu kufahamu pampu hufanya kazi gani, na ni lini inapofaa kubadilishwa.

Kazi ya pampu

Pampu haipoeshi maji, huyasukuma tu. Ndani yake mna gurudumu dogo lenye mapanga ambalo huyasukuma maji yapite kando ya silinda, yachukue joto, kisha yaelekee kwenye rejeta. Ni rejeta na feni zinazoliondoa joto hilo na kulitupa hewani. Iwapo rejeta imeziba, kuyasukuma maji kwa kasi hakutalifungua tope lililogandamana ndani yake.

Katika magari mengi yaliyoko barabarani humu nchini, pampu huzungushwa na injini yenyewe kupitia mkanda. Injini ikizunguka polepole, pampu nayo huzunguka polepole. Dereva aliyebeba abiria kupita kiasi na anayeng'ang'ania gia kubwa mlimani kwa nia ya kuokoa mafuta huitaka injini ifanye kazi nzito huku akiinyima maji. Isitoshe, gari likienda mwendo wa kobe, upepo unaopita kwenye rejeta ni haba. Kushuka gia mapema na kupunguza mzigo ni tiba isiyogharimu hata senti.

Kuna jambo jingine linalohusu maeneo ya juu. Kadiri mtu anavyopanda mlima, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto la chini. Mjini Kisii, maji yaliyo katika sufuria wazi huchemka karibu nyuzijoto 94, badala ya 100 kama ilivyo Mombasa. Injini nyingi hufanya kazi kati ya nyuzijoto 80 na 95. Kinachoyazuia maji yasichemke ni kifuniko cha rejeta, ambacho hushikilia shinikizo ndani na kukipandisha kiwango cha kuchemka kwa zaidi ya nyuzi 20. Kifuniko chenye springi iliyolegea au mpira uliopasuka huiacha injini bila kinga, ilhali hicho ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu zaidi katika mfumo mzima.

Chunguza kwanza

Kabla ya kununua pampu, mwenye gari anapaswa kumtaka fundi akague mambo yafuatayo injini ikiwa baridi. Kamwe kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa moto, kwa kuwa maji hufumka ghafla na huweza kumbabua mtu uso na mikono.

Kwanza, je, maji yanapungua, na yanavujia wapi? Pili, mkanda umekaza, au unateleza? Tatu, feni inafanya kazi? Gari linalochemka likiwa limesimama, kisha likapoa linapoanza kwenda, mara nyingi lina tatizo la feni. Linalochemka mlimani au kwenye mwendo wa kasi huenda lina rejeta iliyoziba au maji yasiyozunguka vyema.

Nne, ni kilango cha joto ambacho mafundi hukiita thamostati. Kitumbukizwe katika sufuria ya maji yanayopashwa moto; vingi huanza kufunguka katika nyuzijoto 82 hivi. Baadhi ya mafundi hukitoa kabisa wakidhani wanaisaidia injini. Hilo ni kosa. Injini isiyo na kilango huchelewa kupata joto, hula mafuta zaidi na kuchakaa upesi. Katika injini nyingi za Toyota, kilango hicho pia huziba njia ya mkato. Kikitolewa, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupitia kwenye rejeta.

Tano, mafuta ya injini yakiwa na rangi ya maziwa, au mapovu yakitokea mfululizo kwenye rejeta, yamkini gasketi imeungua. Hapo pampu mpya haitasaidia chochote.

Pampu yenyewe hujulikana kwa dalili zake. Chini ya mhimili wake kuna kitundu kidogo; maji yakitiririka hapo, sili ya ndani imekufa. Puli ikicheza inaposhikwa kwa mkono, au pakiwa na sauti ya kukwaruza, beringi imelika. Pampu ikifunguliwa na mapanga yake yakaonekana yameliwa na kutu, basi haina budi kubadilishwa.

Kuteua pampu

Wengi wa wanunuzi humwambia muuza vipuri jina la gari pekee. Hilo halitoshi. Probox, kwa mfano, imeuzwa ikiwa na injini za ukubwa tofauti, zikiwemo za lita 1.3 na lita 1.5. Mnunuzi na aende na alama ya injini, nambari ya chesisi, na pampu ya zamani ikiwezekana.

Dukani, aziweke pampu mbili bega kwa bega. Atazame matundu ya bolti, urefu wa mhimili, idadi na kimo cha mapanga, na upande yanakoelekea. Panga fupi kuliko la awali huacha nafasi kubwa, na maji huzunguka papo hapo badala ya kusukumwa mbele. Akizungusha kwa mkono, pampu inapaswa kuzunguka kwa ulaini bila kukwama wala kuyumba.

Pampu isiyo na nembo ya kampuni iliyounda gari si lazima iwe mbaya. Aisin ya Japani, kwa mfano, huiundia Toyota vipuri na pia huviuza kwa jina lake yenyewe. Kampuni nyingine kama GMB zimejijengea jina katika utengenezaji wa pampu. Tatizo ni kwamba majina yanayosifika ndiyo huigwa. Boksi lenye maandishi yaliyofifia au yenye makosa ya tahajia, chuma chenye kingo za kukwaruza, na bei ya kutupa ni mambo ya kumtahadharisha mnunuzi. Adai risiti yenye jina la duka na nambari ya kipuri. Sheria ya kukabiliana na bidhaa ghushi ya mwaka 2008 iliunda mamlaka maalumu ya kushughulikia malalamishi kama hayo, lakini asiye na risiti hana pa kuanzia.

Pampu za mitumba nazo ziepukwe. Sheria za Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari ambayo hayajapitisha miaka 8 tangu yasajiliwe mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba gari huweza kuwasili likiwa na pampu iliyokwisha kufanya kazi miaka mingi. Kuing'oa pampu ya gari jingine la umri huo ni kununua uchovu wa mwenzako.

Je, pampu ya kusukuma maji mengi zaidi inafaa? Zipo, na zina manufaa kwa magari ya mashindano au injini zilizoongezewa nguvu. Kwa gari la kawaida, faida yake ni ndogo maadamu rejeta ni ile ile. Vilevile zipo pampu za umeme ambazo hazitegemei kasi ya injini. Toyota iliiwekea Prius pampu ya namna hiyo katika toleo la mwaka 2009. Hata hivyo, kuifunga katika gari lisilobuniwa kwa ajili yake huhitaji nyaya, vidhibiti na fundi mwenye ujuzi. Kwa mwenye matatu, fedha hizo zingefaa zaidi kusafishia au kubadilishia rejeta.

Maji ya mtoni

Hata pampu bora huuawa na maji machafu. Baada ya mvua, vijito vya Gusii huwa vyekundu kwa udongo. Tope hilo likimiminwa kwenye rejeta, husugua sili ya pampu kama msasa na kuziba mirija. Maji matupu nayo huleta kutu.

Kinachostahili kutumiwa ni maji safi yaliyochanganywa na kulanti, nusu kwa nusu. Wapo wanaodhani kulanti ni ya nchi za theluji pekee. Mbali na kuzuia maji yasigande, huzuia kutu, hulainisha sili na kukipandisha kiwango cha kuchemka. Kulanti za aina tofauti zisichanganywe ovyo, na dereva abebe lita kadhaa za maji safi garini ili asilazimike kuteremka mtoni.

Siku ya kufunga pampu mpya, fundi auoshe mfumo mzima, akwangue mabaki ya gasketi ya zamani na kukaza bolti kwa usawa. Asiiwashe injini kabla ya kujaza maji, kwani sili kavu huungua kwa muda mfupi sana. Kisha aitoe hewa yote iliyonaswa ndani, na safari ya kwanza iwe fupi, jicho likiwa kwenye kipimo cha joto.

Kipimo hicho kikipanda mlimani, dereva asijipe moyo kwamba stendi iko karibu. Aegeshe gari, azime injini na kuiacha ipoe kwa angalau nusu saa. Abiria watakasirika, lakini nusu saa ya lawama ni nafuu kuliko kununua injini nyingine.