Malkia Asiye na Mwana wala Ndugu

Katika tendo la tatu la Macbeth, tanzia ya Shakespeare, kuna onyesho fupi ambalo wasomaji wengi hulipita mbio. Malkia anamwita mtumishi, anamuuliza kama Banquo, rafiki wa mfalme, ameshaondoka, kisha anamtuma kwa mfalme: akamwambie kwamba mkewe anaomba nafasi ya kuzungumza naye maneno machache. Mfalme huyo ni mumewe. Katika matendo mawili yaliyotangulia, mwanamke huyuhuyu ndiye aliyempangia saa ya kuua, aliyemwandalia majambia na kumfundisha sura ya kuwaonyesha wageni. Sasa anamwona kwa miadi, na miadi yenyewe inapitia kwa mtumishi.

Kwa maoni yangu nguvu za Bibi Macbeth zinakatika hapo. Onyesho la kutembea usingizini huku akisugua mikono, ambalo hata asiyesoma tamthilia hii amelisikia, linakuja wakati mambo yameshakwisha.

Tanzia hii iliandikwa yapata mwaka 1606, miaka mitatu baada ya James wa Scotland kurithi kiti cha Uingereza, na ilichapishwa mwaka 1623, Shakespeare akiwa ameshafariki. S. S. Mushi aliitia katika Kiswahili kwa jina la Makbeth mwaka 1968, miaka mitano baada ya Mwalimu Nyerere kutoa tafsiri yake ya kwanza ya Julius Caesar. Maelezo ya darasani kuhusu mwanamke huyu yanajulikana: alikuwa na tamaa, akamsukuma mumewe kuua, dhamiri ikamwelemea, akarukwa na akili, akafa. Si maelezo ya uongo, ila yanaeleza ugonjwa tu. Madaraka yalimtoka kabla ya ugonjwa, na kwa sababu nyingine kabisa. Sababu hiyo huonekana vizuri zaidi ukiisoma tamthilia hii huku Usambara, mahali penye kumbukumbu ndefu ya wafalme, wake zao na ugomvi wa kurithi.

Tuanze na nguvu zenyewe. Bibi Macbeth anaingia jukwaani akisoma barua. Mumewe ameambiwa na wachawi watatu kwamba atakuwa mfalme, na mtu wa kwanza anayempasha habari ni mkewe. Mara mjumbe anafika: mfalme Duncan analala kwao usiku huo. Kuanzia hapo mama mwenye nyumba ndiye anayeendesha kila kitu. Anampokea mgeni kwa maneno matamu, anawatilia dawa kwenye kinywaji walinzi wa chumbani, anapanga lawama iwaangukie wao. Macbeth anaporudi nyuma na kusema jambo hili basi, mkewe anamgeuzia swali la uanaume wake, na kwa dakika chache tu bwana huyo yuko njia moja naye. Baada ya mauaji, Macbeth anatoka chumbani na majambia mkononi kama mtu aliyesahau alichotumwa. Ni mkewe anayeyarudisha, na anayewapaka damu walinzi waliolala.

Ni nguvu kubwa, lakini tazama inasimama juu ya nini. Hana askari wala ukoo wake pale ngomeni, na hana mzee wa baraza anayemsikiliza. Ana sikio la mtu mmoja, na sikio hilo linamhitaji kwa sababu moja tu: mwenyewe bado anasitasita. Siku Macbeth atakapoacha kusitasita, mkewe atakuwa hana kazi.

Siku hiyo inafika upesi mno. Asubuhi mauaji yanapogunduliwa, Macbeth anawaua wale walinzi wawili, jambo ambalo halikuwamo katika mpango. Hakumuuliza mtu. Dakika chache baadaye mkewe anazimia. Wataalamu wanabishana mpaka leo kama anazimia kweli au anajifanya ili kuwapotosha wenye kuhoji. Mimi sioni haja ya kuchagua. Ninachokiona ni kwamba kwa mara ya kwanza mumewe amefanya jambo kubwa peke yake, naye anatolewa jukwaani akiwa amebebwa.

Sasa twende Vugha, si mbali na Soni, uliokuwa mji mkuu wa wafalme wa Kilindi waliotawala Usambara. Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy aliandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili, na wamisionari wa Magila wakaanza kukichapa kitabu hicho mwishoni mwa karne ya 19. Tangu mwanzo, habari hizo ni habari za wanawake pia. Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, alipokewa milimani kwa nyama aliyogawa na kwa simba aliyemuua, lakini kilichomfunga na nchi ni wake aliopewa na wenyeji. Watoto waliozaliwa humo wakawa wapwa wa wenyeji. Mtawala alikuwa mgeni, ila wajomba wa mwanawe walikuwa watu wa pale pale, na Bughe, aliyekalia kiti baada yake, alikuwa mmoja wa wapwa hao.

Kwa hiyo mke wa mfalme mwenye mwana hakuwa peke yake. Nyuma yake walikuwapo kaka zake, nyuma ya kaka zake ukoo mzima, na wote walikuwa na sababu ya kutaka mtoto wao asikike. Mume angeweza kumchoka. Ukoo haukumchoka, maana mtoto alikuwa akikua. Nguvu ya namna hii haina kelele. Huwezi kuiandikia hotuba ya jukwaani. Lakini inadumu.

Ipo pia nguvu ya binti wa mfalme, ambayo ni jambo jingine. Masimulizi ya Kilindi yanamtaja Mboza, binti Mbegha, aliyekuwa na sauti katika suala la nani akalie kiti baada ya ndugu yake Bughe. Baadaye aligombana na Kinyashi, mfalme mpya. Kama ni kushindwa, alishindwa pale Vugha. Ila hakubaki kwenye kibaraza cha mfalme akisubiri kuitwa: alihamia Mshihwi, na Mshihwi ikawa nchi yenye mambo yake, nje ya amri ya Vugha. Aliweza kwa sababu nguvu zake zilikuwa za damu. Hakuazimwa na mume, basi hakuna mume aliyeweza kumnyang'anya.

Bibi Macbeth hana Mshihwi ya kuhamia. Hana hata jina lake mwenyewe. Katika tamthilia nzima anaitwa kwa jina la mumewe. Kuhusu mtoto, Shakespeare ametuachia fumbo: mwanamke anasema amewahi kunyonyesha, lakini mtoto haonekani wala hatajwi tena. Macbeth mwenyewe analalamika kwamba wachawi wamempa taji lisilozaa, wakati Banquo ameahidiwa kizazi cha wafalme. Malalamiko hayo anayatoa akiwa peke yake, mara baada ya kuwaondoa watu wote mbele yake, mkewe akiwamo. Muda mfupi baadaye anawatuma wauaji wakamuue Banquo na mwanawe. Mtoto ambaye hayupo ndiye anayeliendesha tendo hilo la tatu, na mama asiye na mtoto huyo haulizwi chochote.

Mfano wa kinyume upo hapa hapa milimani. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, kiti kilikwenda kwa mjukuu wake Shekulwavu. Semboja, mwana wa Kimweri aliyekaa Mazinde kando ya njia ya misafara, alikuwa na bunduki na washirika wa tambarare, na miaka michache baadaye akamtoa mwana huyo wa ndugu yake Vugha. Ungetegemea akalie kiti mwenyewe. Hakukalia, alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, naye akabaki Mazinde kwenye biashara. Semboja alijua jambo ambalo Macbeth analigundua amechelewa: kiti unachokitwaa kwa nguvu kinataka mtu wa kukirithi. Vita vya urithi huo viliiumiza nchi, na mwaka 1869 Wabondei wakaasi utawala wa Kilindi. Wasambaa wana usemi wa nguvu kwa nguvu, yaani wakubwa wawili wanaposhindana mvua inaharibika na watu wanakufa njaa. Scotland ya tendo la nne, ambako hakuna anayejua kengele ya msiba inamlilia nani, isingekuwa ngeni kwa mzee wa Usambara.

Cha ajabu ni kwamba mke wa kweli wa Macbeth alikuwa na vyote alivyonyimwa yule wa jukwaani. Jina lake lilikuwa Gruoch. Alitoka katika ukoo wa kifalme wa Scotland, wakati ambapo taji lilizunguka baina ya matawi ya ukoo kwa ugomvi ambao Wakilindi wangeuelewa mara moja. Kwa mume wake wa kwanza alikuwa na mwana aitwaye Lulach. Macbeth alitawala tangu 1040 hadi 1057, na alipouawa, Lulach huyo akawa mfalme kwa miezi kadhaa mpaka naye akauawa mwaka 1058. Kuna kumbukumbu ya ardhi waliyopewa watawa wa Loch Leven, na humo Gruoch ametajwa pamoja na mumewe kama malkia. Kwa maneno mengine, alikuwa na damu, mwana na jina. Shakespeare aliifuata historia iliyoandikwa na Holinshed, ambayo inamtaja mke wa Macbeth kwa ufupi sana kama mwanamke mwenye uchu wa umalkia, akamjenga mhusika mkubwa ajabu kisha akamwacha bila nguzo hata moja. Kama mtunzi alifanya vyema. Mwanamke mwenye mwana na ndugu asingeanguka kwa kasi ile.

Akira Kurosawa aliliona pengo hilo. Katika filamu yake ya mwaka 1957 iliyoihamishia hadithi hii Japani, mke anamwambia mumewe kwamba ana mimba, na kwa sababu hiyo mume anavunja ahadi ya kumrithisha mwana wa rafiki yake. Mtoto anazaliwa amekufa. Akili ya mama inaharibika baada ya hapo.

Turudi jukwaani, kwenye karamu ya tendo la tatu, kwa sababu hapo ndipo waigizaji wengi wa kike wanaponikera. Huigiza kama mtu aliyekwisha kuvunjika. Hapana: hili ndilo pigano lake la mwisho, na anapigana vizuri. Macbeth anaona mzimu wa Banquo umekalia nafasi yake, anapiga kelele mbele ya majumbe wote. Mkewe anainuka, anawatuliza wageni, anadai ni maradhi ya tangu ujanani, kisha anamsogelea mumewe na kumnong'oneza ukali uleule wa mwanzo: wewe ni mwanamume kweli? Silaha ni ileile iliyomwangusha Duncan. Safari hii haikati. Haikati kwa sababu mwenye kuishika hajui anapigana na nini: mumewe hakumwambia kwamba Banquo ameuawa. Alimwambia tu, kwa maneno ya kubembeleza, kwamba ni heri asijue mpaka jambo likamilike. Ambaye jana alipanga kila kitu leo anaficha aibu asiyoijua chanzo chake. Mwishowe anawafukuza wageni, waondoke bila kujali nani atangulie kwa cheo. Ni amri yake ya mwisho, na imetekelezwa.

Wakibaki wawili, sikiliza nani anazungumza. Macbeth anasema ana mpelelezi katika kila nyumba, Macduff, jumbe wa Fife, anamtia shaka, kesho anakwenda kwa wachawi. Mke anajibu kwa maneno machache mno, kisha anamwambia anahitaji usingizi. Washauri wapya wamepatikana, nao wanakaa nyikani.

Tendo la nne lote hayumo. Mumewe anawaona wachawi, anatuma watu wakamuue mke wa Macduff na watoto wake, nchi inakimbiwa, na malkia hatajwi. Anaporudi katika tendo la tano amevaa nguo za kulalia, ana mshumaa, na hasemi tena kwa mashairi. Shakespeare amempa maneno ya kawaida yaliyokatikakatika. Lakini yachambue maneno hayo. Mengi ni amri kwa mumewe: nawa mikono, vaa nguo za kulalia, usiwe na sura ya woga. Usingizini bado ana mume wa kuamrisha. Katikati yake anauliza yuko wapi mke wa jumbe wa Fife. Kumbe habari zilimfikia, ingawa hatujui kwa njia gani.

Wanaomtazama ni daktari na mhudumu mmoja. Daktari anasema ugonjwa huu umepita ujuzi wake, na baadaye anamwambia mfalme kwamba mgonjwa wa namna hii inabidi ajitibu mwenyewe. Mganga wa milima hii angeanza na swali jingine: ndugu zake wako wapi? Maana kwetu mgonjwa hapelekwi kwa mganga na mtumishi. Wenye ugonjwa ni jamaa zake, ndio wanaosema umeanza lini na ndio wanaoamua tiba. Kwa malkia huyu swali hilo lisingepata wa kulijibu.

Anafia nje ya jukwaa. Kilio cha wanawake kinasikika, Seyton, mtumishi wa mfalme, analeta habari, na mume anasema kungekuwa na wakati mwingine wa kusikia neno kama hilo. Kisha anaongea juu ya maisha kwa jumla, hotuba maarufu ambayo ukiichunguza haina jambo hata moja kuhusu mwanamke aliyekufa. Mtu wa mwisho kumtaja ni Malcolm, mfalme mpya, akiwa katika shughuli ya kugawa vyeo na kuwarudisha waliokimbilia ng'ambo. Anamwita malkia wa kishetani, anasema yasemekana alijiua, na anaendelea kuwaalika wageni wake kwenye sherehe ya kuvishwa taji.