Ng'ombe Malishoni, "Beef" Mezani

Wako watu wanaokisifu Kiingereza kana kwamba kilishuka kikiwa kamili, na papo hapo hukidharau Kiswahili kwa kuwa kimekopa maneno mengi ya Kiarabu. Wasemao hivyo hawajapata kukipekua Kiingereza chenyewe. Akipekuaye ataona kwamba mali nyingi iliyomo nyumbani humo ilitoka kwa majirani, na nyingine ililetwa na jeshi.

Tarehe 14 Oktoba, mwaka 1066, William, mtawala wa Normandy, alimshinda Mfalme Harold katika vita vya Hastings. Wanormani walisema Kifaransa. Kwa vizazi vingi baadaye wafalme wa Uingereza na mabwana wenye ardhi walitumia lugha hiyo, na raia wakabaki na Kiingereza chao mashambani. Ndiyo sababu, kama isimuliwavyo mara nyingi, mnyama ana majina mawili. Akiwa hai malishoni huitwa "ox", "sheep" au "swine", maneno ya wachungaji; akiisha kupikwa na kuandaliwa huwa "beef", "mutton" au "pork", maneno ya walaji. Mwandishi Walter Scott aliieneza habari hii katika riwaya yake Ivanhoe, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1819. Ni hadithi tamu, lakini imenyoshwa kupita kiasi. Kwa karne kadhaa Waingereza walimwita hata ng'ombe aliye hai kwa jina la Kifaransa, na mpaka baina ya zizi na meza uliwekwa pole pole.

Neno "cattle" lenyewe, litumikalo kwa mifugo, si la kienyeji. Lilitoka katika Kilatini, "capitale", likapitia kwa Wanormani, na maana yake ilikuwa mali. Kutoka shina hilo hilo Waingereza wana "chattel", yaani mali iwezayo kuhamishwa, na "capital", yaani rasilmali. Mmasai au Mnandi hatastaajabu kusikia kwamba ng'ombe na mali ni neno moja.

Lakini jambo lililowaumiza raia halikuwa chakula, bali mashauri. "Thief", yaani mwizi, ni neno la Waingereza wenyewe, na "gallows", yaani mti wa kunyongea, ni lao vile vile. Bali "judge", hakimu aliyekaa baina ya hivyo viwili, alitoka kwa Wafaransa, pamoja na "court", "prison" na "crime". Mtu aliweza kushtakiwa, kutetewa na kuhukumiwa kwa lugha asiyoielewa hata kidogo, akajua mwisho wa shauri lake kwa kuangalia nyuso za watu tu. Mwaka 1362, katika enzi ya Mfalme Edward wa Tatu, sheria ilitolewa kwamba mashauri yasemwe kwa Kiingereza, kwa kuwa Kifaransa hakikujulikana na wengi katika nchi. La ajabu ni kwamba sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Mawakili nao hawakuwa na haraka ya kuiacha lugha iliyowapa riziki. Waliendelea kuandika kwa Kifaransa chao cha mahakamani kwa muda mrefu baadaye.

Hata Waingereza kwa Waingereza hawakuelewana. William Caxton, aliyeleta kazi ya kupiga chapa huko Westminster mwaka 1476, alisimulia mwaka 1490 habari za wafanyabiashara waliokwama kwa kukosa upepo katika mto Thames. Mmoja wao alishuka pwani akamwomba mwanamke mmoja mayai, akitumia neno "eggs". Mwanamke akajibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Yule mtu akakasirika, maana hata yeye hakukijua Kifaransa. Ndipo mwenzake akasema kwamba atakacho ni "eyren", na mwanamke akafahamu mara moja. "Eyren" lilikuwa neno la zamani la Kiingereza. "Eggs" lililetwa na mabaharia wa kaskazini, watu wa Skandinavia. Leo neno la wageni ndilo lililosalia, na la mwenyeji limekufa.

Na herufi zisizotamkwa, ambazo zimewaliza watoto wengi shuleni? Nyingine zina haki ya kuwapo. Katika "knight", "k" ilitamkwa zamani, na "gh" ilikaribia "kh" ya neno kheri; sauti zikafa, maandishi yakabaki. Lakini "b" ya "debt" haina haki hiyo. Neno lilikuja kutoka Kifaransa bila "b", na wataalamu wakaipachika ili lifanane na Kilatini "debitum". "S" ya "island" ni mbaya zaidi, kwa kuwa neno hilo ni la Kiingereza halisi wala halina udugu na Kilatini "insula".

Watu wasio wataalamu nao walikosea, tena kwa njia ijulikanayo sana huku kwetu. Nyoka aitwaye "adder" aliitwa zamani "a nadder". Masikio yakaikata "n" na kuibandika kwa neno lililotangulia, ikawa "an adder". Kunde za huko ziliitwa "pease", hata kama ni punje moja. Watu wakadhani "s" ni alama ya wingi, wakaunda "pea". Kiswahili kilifanya vivyo hivyo. Mwarabu husema "kitab", na wingi wake "kutub". Mswahili akaona "ki" mwanzoni, akasema vitabu. "Mudguard" ya gari ikawa madigadi, na moja yake digadi.

Nalo neno safari lilitoka kwa Waarabu, likastawi kwa Waswahili, na katika karne ya 19 likaingia katika Kiingereza, wakalitia "s" yao ya wingi. Huko lilipunguziwa kazi, likabaki zaidi kwa wawindaji na watazamaji wa wanyama. Mtu apandaye gari la moshi kwenda Mombasa kumzika mjomba wake, kwa Kiswahili yumo safarini. Kwa Kiingereza hayumo.