Kuongeza Bafa Hakuondoi Mkwamo

Kila inapoelezwa kwamba pakiti za data ndani ya chipu yenye viini vingi zinaweza kukwama zikingojeana milele, swali linalofuata ni lilelile: si waongeze tu bafa, ile kumbukumbu ndogo ambamo pakiti husubiri zamu? Swali hili limechosha, kwa kuwa linachukulia kwamba tatizo ni uhaba wa nafasi. Sivyo. Chukua ruta nne, yaani vituo vinavyopokea pakiti na kuzipitisha mbele, kwenye pembe za mraba. Bafa za kila moja zimejaa pakiti zinazotaka kuingia kwa ruta inayofuata, ambayo nayo imejaa. Hakuna inayoweza kupokea kabla ya kutoa, wala kutoa kabla jirani hajapokea. Ni kipilefti ambacho magari yameziba kila njia ya kutokea: ukikipanua, kitameza magari mengi zaidi, kisha kikwame vilevile. Bafa yoyote yenye kikomo hujaa. Kinachoua mtandao ni duara la kungojeana, na duara halivunjwi na ukubwa. Watetezi wa bafa hujibu kwamba majaribio yao hayajawahi kukwama. Wahesabu basi: tukio la mara moja katika mapigo trilioni moja ya saa ya chipu, kwenye chipu ya gigahetsi 1, hutokea kila baada ya dakika 17 hivi. Jaribio fupi halithibitishi lolote, na huku bafa hizo zimekwisha kula eneo la silikoni na umeme.

Wengine hukimbilia uelekezaji unaobadilika, unaoiruhusu pakiti kukwepa msongamano. Huo peke yake huongeza hatari, maana kila kona mpya ambayo pakiti inaruhusiwa kukata yaweza kukamilisha duara. Dawa ni kudhibiti kona. Njia nyepesi ni kumaliza safari yote ya mlalo kabla ya kuanza ya wima. Haikwami, ila haikwepi foleni. Mwaka 1992 watafiti Glass na Ni walionyesha kwamba katika kona nane ambazo pakiti inaweza kukata kwenye gridi ya ruta, kukataza mbili zilizochaguliwa vizuri kunatosha. Mwaka 1993 mtafiti Duato akathibitisha kwamba pakiti zinaweza kuachwa huru, hata maduara yakiwepo, mradi kila ruta iwe na njia pepe ya kutorokea, yaani bafa ya pekee kwenye waya uleule, isiyo na duara. Wewe unayebuni mtandao, chora kwanza njia ipi inaingoja ipi. Ukubwa wa bafa upange baadaye.