Prakriti na Matabia: Ufafanuzi wa Maumbile ya Mtu katika Ayurveda na katika Tiba ya Waswahili

Makala haya yanafafanua dhana ya prakriti, yaani maumbile ya mtu binafsi katika Ayurveda, kwa kuilinganisha na dhana ya matabia katika tiba ya Waswahili. Katika Ayurveda, maumbile hutokana na uwiano wa dosha tatu: vata, pitta na kapha. Uwiano huo huaminiwa kuwekwa tangu mimba kutungwa. Hali ya mwili inayobadilika kwa chakula, msimu na umri huitwa vikriti. Tiba hukusudia kumrejesha mgonjwa kwenye uwiano wake mwenyewe.

Marc Swartz (1991), aliyewachunguza Waswahili wa Mombasa, anaeleza matabia manne: hari, baridi, yabisi na rutuba. Afya ni mizani ya matabia hayo. Mfumo huu una asili katika tiba ya Kiyunani iliyopokewa kupitia kwa Waarabu.

Ulinganisho huu unaonesha kuwa kutafsiri kapha kuwa "baridi" kunapotosha. Vata na kapha zote ni baridi, ila vata ni kavu na kapha ina unyevu. Hivyo chakula kinachofaa moja huweza kuizidisha nyingine. Tafsiri sahihi huhitaji matabia mawili kwa pamoja.

Hata hivyo, maumbile si utambuzi wa ugonjwa. Mkazi wa Mukendo, mjini Musoma, anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi anapaswa kupimwa kifua kikuu, awe wa kapha au wa vata.