GITAA LIFAALO MKONO WAKO
Jinsi ya kuchagua gitaa dogo lenye shingo isiyochosha

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Maneno hayo ni ya kweli kwa mtu mvivu. Lakini kila mkulima ajua pia kwamba mtoto hapewi jembe la baba yake, na kwamba mpini mnene kupita kiasi humtia mtu malengelenge viganjani kabla jua halijapanda. Gitaa nalo ni chombo cha kazi, na mkono unaolishika una kipimo chake.

Twalisema jambo hili kwa sababu katika nyumba nyingi, za mjini na za mashambani, liko gitaa lililotundikwa ukutani likiingia vumbi. Mwenyewe alilinunua kwa fedha za mahindi, au kwa mshahara aliouweka akiba miezi mingi. Alijaribu kulipiga kwa majuma machache, kisha akaliacha. Ukimwuliza sababu atakujibu, "Mimi sikujaliwa kipaji." Pengine kipaji alikuwa nacho. Bega lilimwuma kwa sababu sanduku la gitaa lilikuwa kubwa mno. Vidole havikufika kwa sababu shingo ilikuwa nene. Na nyuzi zilikaa juu sana hata kuzibana kulihitaji nguvu za koleo. Hasara ya namna hiyo yaweza kuzuiwa kabla fedha hazijatoka mfukoni, na katika makala haya twataka kueleza njia ya kuizuia.

UKUBWA ULITOKA WAPI?

Watu wengi hudhani kwamba gitaa kubwa ndilo gitaa la kweli, na dogo ni la watoto. Historia yaonyesha vingine. Katika karne ya 19 magitaa mengi yalikuwa madogo. Fundi mmoja Mjerumani, Christian Frederick Martin, alianza kazi yake mjini New York, Marekani, mwaka 1833, kisha akahamia Nazareth katika jimbo la Pennsylvania. Magitaa yake ya wakati huo yangeonekana leo kuwa membamba. Huko Hispania, fundi Antonio de Torres, aliyeishi tangu 1817 hata 1892, ndiye aliyeliweka gitaa la Kihispania katika umbo linalofuatwa mpaka sasa.

Magitaa makubwa yalikuja baadaye, wapigaji walipotaka kusikika kati ya waimbaji na ala nyingine, wakati ambapo vipaza sauti vya umeme vilikuwa bado. Mwaka 1916 kampuni ya Martin ilitengeneza gitaa lenye sanduku pana kwa ajili ya duka moja la Marekani, likaitwa Dreadnought, yaani jina la manowari kubwa ya Waingereza. Umbo hilo lilienea duniani kote, na leo ndilo linalojaa katika maduka mengi. Mnunuzi huliona, hudhani hakuna jingine, akalichukua.

Lakini fikiri jinsi muziki wa gitaa ulivyokua katika nchi zetu. Mwaka 1952 Bwana Hugh Tracey alinasa nyimbo za Mwenda Jean-Bosco katika mji wa Jadotville, Katanga, mji ambao sasa waitwa Likasi. Mwaka 1959 Mwenda alikaa Nairobi kwa muda, akasikika katika redio, na vijana wengi wakajifunza kwa kumsikiliza. Huku magharibi ya Kenya, George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alisifika kwa gitaa lililofuatana na mlio wa chupa ya soda. Wapigaji wa namna hiyo hawakuzikumba nyuzi zote kwa pamoja. Kidole gumba kiliendesha sauti za chini, na kidole cha shahada kikadonoa sauti za juu, kila kimoja na njia yake. Upigaji huo wataka sauti zinazosikika mojamoja, wazi, pasipo ngurumo ya chini kuzifunika. Na hiyo ndiyo sifa ya gitaa lenye sanduku dogo.

VIPIMO VYA SANDUKU

Chukua futi ya kupimia nguo uende nayo dukani. Pima upana wa sanduku chini ya kiuno, mahali palipo panapo zaidi ya pote, kisha pima kina cha ubavu wake. Gitaa la namna ya Dreadnought lina upana wa milimita 397 hivi, na kina cha milimita 124. Gitaa dogo ambalo mafundi wa Marekani huliita namba 00 lina upana wa milimita 363 hivi, na kina cha milimita 105 hivi. Namba 0 ni dogo zaidi, upana wake ni kama milimita 343.

Tofauti hizo zaonekana kuwa kidogo katika karatasi, lakini bega huzisikia. Sanduku pana lenye kina kirefu huuinua mkono wa kulia na kuusukuma mbali na kifua. Baada ya nusu saa bega limepanda, shingo ya mpigaji imekakamaa, na mgongo umepinda. Mtu mwenye umbo dogo, mwanamke kwa mwanamume, na kijana wa shule, hupata nafuu kubwa kwa kutumia namba 00 au 0. Kwa mtoto mdogo hata hayo ni makubwa. Yako magitaa ya robo tatu yaliyotengenezwa kwa ajili yake.

Ni haki kutaja upungufu pia. Gitaa dogo halitoi sauti nzito za chini kama kubwa. Ikiwa kazi yako ni kuongoza uimbaji wa watu mia uwanjani bila kipaza sauti, kubwa litakufaa zaidi. Lakini kwa mtu apigaye nyumbani, barazani, au mbele ya darasa, dogo latosha, tena huitikia upesi hata likiguswa taratibu.

SHINGO NDIYO MAMBO

Ukiwa na nafasi ya kuchunguza jambo moja tu, chunguza shingo, maana humo ndimo mkono wa kushoto utakamofanya kazi siku zote. Mambo manne ni ya maana.

La kwanza ni upana. Kati ya kichwa na shingo pana kipande chembamba cha mfupa au plastiki chenye mifuo sita ya kupitishia nyuzi; hapa tutakiita kizingiti. Katika magitaa mengi ya nyuzi za chuma kizingiti kina upana wa milimita 43 au 44 na nusu. Katika gitaa la Kihispania ni milimita 52 hivi. Mwenye vidole vinene hupenda nafasi pana, asije akagusa uzi wa jirani. Mwenye mkono mdogo hupata raha katika milimita 43. Milimita moja na nusu si kitu kwa seremala wa milango, lakini kwa vidole ni tofauti kubwa.

La pili ni unene na umbo la mgongo wa shingo. Zungushia mkono, gumba nyuma, vidole mbele. Shingo nzuri huujaza mkono bila kuutanua kwa nguvu. Mgongo mwingine ni wa mviringo mpole, mwingine umechongoka katikati kama mwamba wa paa. Hakuna sheria hapa. Mkono wako ndio hakimu.

La tatu ni urefu wa uzi kutoka kizingiti mpaka daraja, yaani kile kipande kilichogundishwa usoni mwa sanduku kushikilia nyuzi. Iko njia rahisi ya kuupima. Hesabu freti, vile vijiti vya chuma vilivyokingama juu ya shingo, mpaka ya 12. Freti hiyo iko katikati ya uzi. Basi pima kutoka kizingiti mpaka hapo, kisha zidisha kwa mbili. Magitaa makubwa ya nyuzi za chuma huwa na milimita 645 hivi, na mengi ya madogo milimita 632. Ufupi huo huleta faida mbili. Kwanza, kutoka kizingiti mpaka freti ya nne vidole hupunguziwa karibu milimita 3 za kujitanua. Pili, uzi ule ule, ukitiwa sauti ile ile, hukazwa kwa nguvu iliyopungua kwa asilimia 4 hivi, nao huwa laini chini ya kidole.

La nne ni kimo cha nyuzi juu ya freti, na hili ndilo linalowavunja moyo wanafunzi wengi kuliko yote. Penye freti ya 12, nafasi iliyo chini ya uzi mnene wa chuma yafaa iwe kama milimita 2 na nusu, na chini ya uzi mwembamba kama milimita 2. Kama huna kipimo kidogo, tumia karatasi za kawaida za ofisi: kumi zikibanwa pamoja hufanya milimita moja. Bunda la karatasi 25 likipita kwa ulegevu mwingi, ujue kwamba nyuzi zimepanda. Gitaa la Kihispania, ambalo nyuzi zake ni za nailoni, huruhusiwa milimita 4 kwa uzi mnene na 3 kwa uzi mwembamba, maana nailoni ni laini.

HATARI YA KUCHANGANYA NYUZI

Hapa twatoa onyo, kwa kuwa magitaa mengi mema yameharibiwa kwa kosa hili. Nyuzi sita za chuma za kawaida, zikikazwa, huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Nyuzi za nailoni huvuta kama kilo 40 tu, na gitaa la Kihispania limejengwa kwa mbao nyepesi kulingana na nguvu hiyo. Mtu akilitia nyuzi za chuma ili lipate mlio mkali, atafurahi siku chache. Kisha uso wa sanduku utavimba, shingo itapinda, na mwishowe daraja litang'oka pamoja na vipande vya mbao. Kwa hiyo kwanza jua gitaa lako ni la namna gani. Likiwa la chuma na vidole vyako vinaumia, dawa yake ni kuomba nyuzi nyembamba zaidi, ambazo uzi wake wa kwanza ni wa 0.010 badala ya 0.012 ya inchi.

MAJARIBIO KABLA YA KULIPA

Usione haya kukaa dukani au sokoni na kulijaribu gitaa kwa utulivu. Muuzaji mwema hatakukataza. Fanya hivi:

1. Keti juu ya kiti kisicho na mikono, pakata gitaa kwa dakika kumi. Bega likipanda lenyewe, sanduku ni kubwa kwako.

2. Funga jicho moja, tazama shingo kutoka kichwani kama seremala atazamavyo ubao. Iwe imenyoka, au imeinama mbele kidogo mno. Kisha bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya 14 pamoja. Katikati pabaki nafasi ya karatasi mbili au tatu tu.

3. Piga kila uzi katika kila freti. Mlio wa kukwaruza ni dalili ya freti iliyoinuka au shingo iliyopinda.

4. Pitisha kiganja kando ya shingo. Ncha za freti zisikukwaruze.

5. Jaribu kuingiza karatasi nyuma ya daraja. Ikiingia, gundi imeachia. Liache gitaa hilo.

6. Uliza kama ndani ya shingo mna ufito wa chuma unaoweza kurekebishwa. Gitaa la nyuzi za chuma likiwa nao, fundi ataweza kuinyosha shingo siku za baadaye.

Gitaa likishinda katika yote ila nyuzi zikawa juu kidogo, usilikatae upesi. Fundi stadi aweza kuzishusha kwa kupunguza kizingiti na mfupa wa daraja. Ulizia gharama hiyo kabla ya kupatana bei.

MAUMIVU YAPI NI YA KAWAIDA?

Ncha za vidole zitauma mwanzoni. Hilo ni jambo la kawaida, na baada ya majuma machache ngozi hukomaa. Lakini maumivu ya kifundo cha mkono, kiwiko au bega si ya kuvumilia. Pumzika, angalia jinsi unavyokaa, na upime tena gitaa lako. Piga robo saa mara mbili kwa siku kuliko saa nzima kwa mkupuo.

Ukiisha kulipata gitaa likufaalo, litunze. Usiliache juani, wala ndani ya motokaa iliyofungwa, wala karibu na meko. Pwani, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila umalizapo, kwa sababu hewa ya chumvi huleta kutu. Katika nchi kavu za kaskazini lihifadhi ndani ya mfuko wake, mbao zisije zikapasuka.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kutoa fedha zako, au kabla ya kumnunulia mwanao, kumbuka yule aliyetundika gitaa ukutani akajihukumu kuwa hana kipaji. Na ikiwa wewe ndiwe yule, lishushe leo, ulifute vumbi, upime kimo cha nyuzi zake kwa karatasi. Huenda ukaona kwamba kosa lilikuwa la milimita mbili tu.